Shaba Huzima Mwanga: Kupima Sumu ya Maji Mjini Lubumbashi

Chukua mawe mawili ya urani, autuniti na tobeniti, uyaweke gizani chini ya taa ya urujuanimno. Yote mawili yameumbwa kwa urani na fosfeti. Tofauti kubwa ni kwamba la kwanza limebeba kalsiamu na la pili limebeba shaba. Autuniti itang'aa kijani chenye umanjano, mng'ao mkali ambao hauhitaji kifaa chochote ili uonekane. Tobeniti, ambayo wakusanyaji wa madini duniani kote huitafuta kwa sababu ya vipande vizuri vilivyotoka Musonoi, Kolwezi, itabaki imelala gizani. Urani imo, taa ni ileile, lakini shaba iliyokaa jirani yake inaipokonya nishati kabla haijageuka kuwa mwanga. Wachunguzi wa madini wanalijua jambo hili tangu zamani, na ndilo linalostahili kutangulia katika mjadala wowote kuhusu kutumia molekuli zinazong'aa kupima sumu katika maji ya Lubumbashi. Mji huu umezaliwa na shaba, na shaba huzima mwanga.

Vihisi vya kemikali vinavyong'aa ni molekuli zilizoundwa ili mwanga wake ubadilike pindi zinapokutana na ioni fulani, yaani chembe yenye chaji ya umeme iliyoyeyuka majini. Msingi wake ni mkongwe. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alieleza kwa nini maji yaliyotiwa kwinini, ambayo hayana rangi hata kidogo, hutoa ubuluu yakipigwa na jua: kwinini humeza miali isiyoonekana na kuirudisha ikiwa imepungua nguvu, hapo ndipo jicho linapoipata. Kwinini si ngeni kwa Mkongomani. Mkwinini umelimwa Kivu kwa miongo mingi, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeyageuza magome yake kuwa dawa ya malaria. Sasa tia chumvi ya mezani katika kwinini iliyoyeyushwa kwa asidi: ubuluu unafifia, kwa kuwa kloridi ya chumvi huuzima, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo giza linavyozidi. Hapo tayari pana kihisi, ingawa ni kihisi kisichochagua, maana yako mengine mengi yanayoweza kuizima kwinini.

Kazi ya wanakemia wa karne ya 20 ilikuwa kukifundisha kihisi kuchagua. A. Prasanna de Silva, aliyezaliwa Sri Lanka na kufanya kazi Queen's University Belfast, alianza katika miaka ya 1980 kujenga molekuli za sehemu tatu: sehemu inayong'aa, mkono wa kushika ioni, na kiungo kifupi kati yake. Mkono ukiwa mtupu, elektroni hutoka kwake na kurukia sehemu inayong'aa, na mwanga unazimika. Mkono ukishika ioni, elektroni ile hubanwa isiruke tena, na mwanga unarudi. Vihisi vya ukoo huu vimeingia hospitalini katika mashine ndogo zinazopima sodiamu, potasiamu na kalsiamu ya damu, kwa hiyo anayesema kwamba ni mchezo wa maprofesa tu amepitwa na wakati. Njia nyingine ilichapishwa mwaka 1997 na Virginie Dujols, Francis Ford na Anthony Czarnik, na hii inatugusa moja kwa moja kwa sababu iliilenga shaba yenyewe. Walichukua rodamini B, rangi ya waridi inayong'aa sana, wakaifunga katika pete ya kemikali ili ipoteze rangi na mng'ao. Ioni ya shaba ikifika huifungua pete hiyo. Chupa iliyokuwa nyeupe kama maji inageuka waridi, na chini ya taa inang'aa. Badala ya kuacha shaba izime mwanga, waliilazimisha iuwashe. Molekuli hiyo ikishafunguka haifungiki tena, hutumika mara moja kama kijiti cha kiberiti, na kwa kipimo cha kando ya mto huo si upungufu mkubwa.

Kwa nini kazi hii iwe na maana Lubumbashi kuliko pengine? Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, tanuri la kuyeyusha shaba likaanza kazi hapa mwaka 1911, Gécamines ikarithi mali hizo mwaka 1967, na tangu hapo moshi, slagi na maji ya viwanda vimekuwa majirani wa makazi. Kilima cheusi cha slagi hiyo, kiitwacho terril, kinaonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Mto Lubumbashi unapita katikati, unaingia Kafubu, na Kafubu unateremka hadi Luapula, mto unaotutenganisha na Zambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na timu ya Emmanuel Atibu na wenzake juu ya mto Lubumbashi na mfereji wa Tshamilemba ulikuta metali zimejirundika katika matope ya chini. Na tayari mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walikuwa wametoa matokeo ya mikojo ya watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi kiasi kwamba watafiti waliandika kuwa hawajaona kiwango kama hicho kikiripotiwa kwa watu wa kawaida popote. Miongoni mwa watoto wa eneo hilo, karibu 9 kati ya 10 walipita kiwango ambacho Marekani hutumia kuwachunguza wafanyakazi wa viwandani, watu wazima wanaoshika kobalti kwa mikono yao.

Halafu kuna matukio ya siku moja. Tarehe 4 Novemba 2025 maji machafu kutoka bwawa la kampuni ya Congo Dongfang International Mining, tawi la Zhejiang Huayou Cobalt ya China, yalimwagika na kufurika katika mitaa ya Lubumbashi. Siku mbili baadaye Waziri wa Migodi, Louis Watum Kabamba, alisimamisha shughuli za kampuni hiyo kwa miezi 3. Mwezi Februari mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, bwawa la kampuni ya Sino-Metals lilipasuka Chambishi, Zambia, na kumwaga lita zipatazo milioni 50 za taka zenye asidi kuelekea mto Kafue, hata maji ya bomba ya Kitwe yakafungwa. Matukio kama haya yana tabia moja inayomchosha mpimaji: hupita. Wimbi la asidi lililokuwa mtaani asubuhi linaweza kuwa limeshachanganyika na mto mkubwa kabla ya jua kuchwa, na anayefika kesho yake na chupa safi na fomu za ofisi atachota maji ambayo si yale yaliyowapitia watu miguuni.

Hoja yangu inasimama hapo. Mashine sahihi kuliko zote kwa kazi hii ni ICP-MS, ambayo huichoma sampuli katika plazma yenye joto la maelfu ya nyuzi na kuhesabu atomi kwa uzito wake. Inaweza kuona risasi, kadimiamu, arseniki, urani na kobalti kwa mkupuo mmoja, katika viwango vidogo mno. Lakini inakula gesi ya agoni mfululizo, inataka umeme usiokatika na fundi aliyesomea, na inakaa mahali pamoja. Sampuli za utafiti wa 2009 zilipelekwa Ubelgiji kupimwa. Hakuna ubaya katika hilo kwa kazi ya miaka. Kwa wimbi linalopita asubuhi moja, kupeleka sampuli mbali hivyo hakufai kitu. Kihisi kinachong'aa kisipewe kazi ya kushindana na mashine ile. Kipewe kazi ambayo mashine haiwezi: kuamua chupa ipi ichotwe, wapi na saa ngapi, ili ile inayopelekwa maabara iwe ndiyo yenye habari. Vifaa vyake ni vidogo. Taa ya urujuanimno inayohitajika ni ya aina ileile inayotumika kukagua dola, ambapo uzi wa noti ya 100 hung'aa waridi na wa noti ya 20 hung'aa kijani. Katika mji ambao dola hupita mikononi mchana kutwa, taa hiyo haihitaji kuelezwa.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapoachana na wale wanaoisifu teknolojia hii bila kuijaribu kwa maji yetu. Makala za kisayansi zinazotangaza kihisi kipya cha metali fulani ni maelfu, na nyingi kati ya hizo zimekipima kihisi chake katika maji yaliyosafishwa, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na kiyeyusho cha maabara ambacho hakuna mto unaokibeba. Fanya hesabu ndogo. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji ya kunywa, na mikrogramu 2,000 za shaba. Kwa kuwa atomi ya risasi ni nzito kuliko ya shaba kwa zaidi ya mara tatu, maji yenye shaba iliyo ndani ya kiwango halali kabisa yanaweza kuwa na ioni zaidi ya 600 za shaba kwa kila ioni moja ya risasi inayotosha kuyafanya yasinywewe. Kihisi cha risasi kinachotaka kufanya kazi Lubumbashi lazima kiipate moja hiyo katikati ya 600, na hao 600 ni wazimaji wa mwanga kwa asili yao, kama lile jiwe la Musonoi linavyoonyesha. Kobalti inafanya vivyo hivyo. Chuma cha udongo wetu mwekundu pia.

Asidi ndiyo mtego mbaya zaidi, na ajabu ni kwamba huzungumzwa kwa nadra. Mkono wa kushika ioni katika molekuli nyingi za aina ya de Silva ni naitrojeni inayotoa elektroni kwa urahisi. Haidrojeni ya asidi huikalia naitrojeni hiyo kama metali inavyoikalia, elektroni inabanwa, na mwanga unawaka bila metali kuwapo. Viwanda vya shaba na kobalti vya Katanga huyeyusha mawe kwa asidi ya salfa. Maji yanayotoroka bwawani huja na asidi yake. Kihisi kikitumbukizwa humo bila maandalizi kitawaka, na mpimaji atatangaza risasi ambayo pengine haikuwepo. Kinyume chake kinawezekana pia: masika yakianza mwezi Novemba mito hubeba tope, na tope humeza mwanga wa taa na wa kihisi vilevile, kwa hiyo maji machafu kupindukia yakaonekana salama. Mboji inayooza katika mabonde yenye majimaji nayo hung'aa ubuluu wake yenyewe chini ya taa, kihisi kiwepo kisiwepo.

Dawa za mitego hii zinajulikana, wala si za gharama. Maji huchujwa kwanza, kisha hutiwa bafa inayoyarudisha karibu na pH 7. Thaiosalfeti huishika shaba na kuiondoa katika mashindano, ingawa lazima ithibitishwe kuwa haiishiki pia metali inayotafutwa. Chupa moja hubaki bila kihisi ili mng'ao wa mboji ujulikane. Ya muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuongeza kipimo kinachojulikana cha risasi katika sehemu ya maji yaleyale na kuangalia kama kihisi kinakiona. Kisipokiona, basi giza la chupa ya kwanza halimaanishi usalama. Linamaanisha kwamba kihisi kimefungwa macho. Mpimaji anayeiruka hatua hii Lubumbashi ni afadhali asipime. Na kihisi chenye rangi mbili, kinachohama kutoka buluu kwenda kijani kwa mfano, kinaaminika kuliko kile cha kuwaka na kuzimika tu, kwa sababu uwiano wa rangi hauyumbishwi sana na tope wala na betri ya taa iliyochoka.

Kuna watakaosema: kipimo chenye masharti yote hayo, chenye kukosea huku na huku, si afadhali kisiwepo kuliko kuwapa watu hofu ya bure? Jibu zuri linatoka Bangladesh. Ilipogundulika kwamba visima vya pampu vya nchi hiyo vilikuwa na arseniki, karibu visima milioni 5 vilipimwa mwanzoni mwa karne hii kwa karatasi ndogo inayobadilika rangi, kipimo ambacho karibu na mpaka wa mikrogramu 50 kwa lita kilikosea mara nyingi. Visima vilipakwa rangi, kijani kwa kilicho ndani ya kiwango na nyekundu kwa kilichozidi. Makosa yalikuwepo na wanasayansi wameyaandika bila kificho. Lakini familia nyingi zilihamia kisima cha jirani chenye rangi ya kijani, jambo ambalo zisingelifanya kwa kusubiri maabara. Rangi ile ilikuwa na sifa mbili ambazo ripoti ya kitaalamu haina: ilionekana na kila mtu, na ilikuwa pale pale kwenye maji. Tofauti yetu na Bangladesh ni kwamba arseniki ya kisimani hukaa palepale miaka, na uchafu wa viwanda huja na kuondoka. Kwa hiyo kwetu kupima mara moja na kupaka rangi hakutoshi, kunahitajika kurudia kila wiki na kuandika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipunguza. Metali zilizoonekana katika mikojo ya mwaka 2009 hazikutoka katika maji ya kunywa peke yake. Vumbi la barabarani na la ndani ya nyumba lina sehemu yake, na mboga pia. Michel Mpundu Mubemba na wenzake wa chuo kikuu hichohicho walichapisha mwaka 2013 vipimo vya mboga za majani zilizouzwa katika masoko ya Lubumbashi na kukuta metali ndani yake; mtu anayekula bukari kwa lengalenga iliyomwagiliwa kwa maji ya mto anaipata kobalti kwenye sahani hata kama maji anayokunywa ni safi. Zaidi ya hayo, kihisi huona ioni iliyoyeyuka tu. Metali iliyoshikamana na chembe za tope huipita bila kuigusa, na ikishuka na tope hadi shambani inaweza kuyeyuka baadaye. Kwa hiyo jibu la kihisi linahusu maji ya saa ile, basi. Lisitumiwe kuutangaza mtaa kuwa salama. Ila maji ndiyo yanayobeba uchafu kutoka uzio wa kiwanda hadi bustani ya mboga, na ndiyo kituo pekee katika njia hiyo ambapo mtu asiye na maabara anaweza kuukamata uchafu ukiwa safarini.

Wengine, hasa wanaozijua ofisi, watauliza kipimo hicho kitamfaa nani kisheria. Mwanasheria wa kampuni atakitupa mbele ya hakimu kwa dakika moja, na atakuwa na haki. Lakini Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inamwajibisha mwenye haki ya kuchimba kwa madhara ya shughuli zake hata bila kuthibitisha kosa lake. Kinachobaki kwa mwananchi ni kuonyesha kwamba dhara lipo na limetoka upande gani. Daftari lenye tarehe, saa, mahali na picha ya chupa, likifuatiwa na chupa pacha iliyofungwa, ikatiwa asidi kidogo ili metali isigande kwenye kuta za chupa na kupelekwa maabara inayotambuliwa, ni mwanzo wa ushahidi ambao hakimu hawezi kuupuuza kirahisi. Bila kipimo cha kwanza ile chupa pacha haichotwi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba leo ndiyo siku yake. Kwa kobalti kuna pengo jingine: Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango chake kwa maji ya kunywa. Nchi inayochimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inaweza kujiwekea chake bila kungoja Geneva, na itahitaji vipimo vingi vya mitoni ili kujua iuweke mpaka wapi.

Fedha? Kanuni ileile inaitaka kampuni ya madini itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kitu kidogo cha fungu hilo kingetosha kwa vitendanishi vya mtaa mzima. Ninatahadhari hapo, maana anayelipia kipimo hupenda pia kukisoma. Daftari likae chuo kikuu na komini, lisikae kiwandani. Mabaki ya kipimo nayo, rangi na metali zilizokolezwa, yakusanywe kwenye dumu, yasimwagwe mtoni kama ambavyo baadhi ya maabara hufanya bila aibu. Kazi ya kuanzia haihitaji hata molekuli mpya. Rodamini ya mwaka 1997 inatengenezwa kwa hatua moja kutoka kwa rangi ya dukani na kemikali iitwayo haidrazini, ambayo ni sumu na inataka mkono wa mkemia, na wakemia wapo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wachote maji ya mto Lubumbashi, ya Kafubu na ya mfereji wa Tshamilemba, mara moja mwezi Agosti mito ikiwa imepungua na mara nyingine mwezi Januari ikiwa imejaa. Wajaribu vihisi vitano au sita vilivyokwisha kuchapishwa kwa shaba, risasi na kadimiamu, kila kimoja kando ya kipimo cha ICP-MS cha chupa ileile. Kisha watangaze vipi vimeona na vipi vimezimwa. Vitakavyozimwa vitakuwa vingi.